SOMO LA AFYA: MADHARA YA CHUMVI NYINGI NA NAMNA YA KUIPUNGUZA CHUNGUNI

Katika mazungumzo ya Waswahili, mtu aliyekula chumvi nyingi ni mzee aliyeishi miaka mingi na anayestahiki kusikilizwa. Kwa upande wa chakula, hata hivyo, hali ni kinyume chake. Mwenye kula chumvi nyingi kila siku huupunguza umri wake kidogo kidogo, tena bila ya kuhisi maumivu yoyote. Somo hili limekusudiwa watumishi wa Serikali pamoja na wananchi wote wa Unguja na Pemba, na linaeleza chumvi ni kitu gani, inavyodhuru inapozidi, na hatua ambazo kila nyumba inaweza kuzichukua bila ya gharama.

CHUMVI NA KAZI YAKE MWILINI

Chumvi ya chakula ni muungano wa vitu viwili, sodiamu na kloridi. Katika kila gramu 5 za chumvi, takriban gramu 2 ni sodiamu, na hiyo ndiyo inayohusika zaidi na madhara yanayoelezwa hapa. Mwili unaihitaji sodiamu ili kuweka sawa kiasi cha maji, kupitisha taarifa katika mishipa ya fahamu na kuiwezesha misuli kufanya kazi. Lakini kiasi kinachohitajika ni kidogo sana.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi ambacho ni sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu. Watoto wanahitaji kiasi cha chini zaidi ya hicho. Ieleweke kwamba kipimo hicho hakihusu chumvi ya mezani peke yake. Kinajumuisha iliyotiwa chunguni, iliyomo ndani ya mkate, iliyokaushiwa samaki na iliyonyunyizwa juu ya chipsi. Shirika hilo hilo linakadiria kuwa watu wazima duniani hula, kwa wastani, zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, na kwamba vifo vinavyokaribia milioni 1.9 kila mwaka vinahusishwa na ulaji huo wa kupindukia.

NAMNA MADHARA YANAVYOANZA

Sodiamu inapozidi katika damu, mwili hulazimika kuzuia maji mengi zaidi ili kuipunguza makali. Ndiyo maana aliyekula chakula cha chumvi nyingi hushikwa na kiu. Maji hayo huongeza wingi wa damu inayozunguka, na damu ikiwa nyingi ndani ya mishipa ile ile, msukumo wake juu ya kuta za mishipa huongezeka. Hali hiyo ikidumu ndiyo inayoitwa shinikizo la juu la damu, au presha kama inavyojulikana na wengi.

Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa sodiamu iliyozidi kwa njia ya mkojo. Zinapobebeshwa mzigo huo miaka nenda miaka rudi, nazo huchoka. Aidha, chumvi nyingi husaidia kuzifanya kuta za mishipa ya damu kuwa ngumu na kupoteza uwezo wake wa kutanuka. Hivyo moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na msuli wake hunenepa mithili ya msuli wa mtu anayebeba mizigo kila siku. Tofauti ni kwamba moyo ulionenepa kwa sababu hiyo hatimaye hudhoofika.

MARADHI YANAYOFUATA

Shinikizo la damu likiachwa bila ya kutibiwa huweza kuleta maradhi makubwa yafuatayo:

(a) Kiharusi, yaani kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu katika ubongo, ambako humwacha mgonjwa amepooza upande mmoja, amepoteza kauli au amefariki dunia.

(b) Maradhi ya moyo, pamoja na moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha, hali inayoleta uvimbe wa miguu na kukosa pumzi.

(c) Figo kushindwa kufanya kazi.

Mbali na hayo, chumvi nyingi huongeza kiasi cha chokaa kinachopotea kwa njia ya mkojo, na hilo huweza kuchangia mawe katika figo. Vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi, vikiliwa kwa wingi na kwa muda mrefu, vimehusishwa pia na saratani ya tumbo.

Jambo linalopaswa kuzingatiwa zaidi ni kwamba shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili. Wapo wanaosubiri kuumwa na kichwa ndipo waende kupimwa, na wapo wanaoacha dawa kwa kuwa wanajihisi wazima. Wote hao wamo katika hatari. Kwa wengi, dalili ya mwanzo ni kiharusi chenyewe, na hapo huwa wakati wa kinga umekwisha pita. Njia pekee ya kujua ni kupima. Kipimo kikionesha 140 kwa 90 au zaidi, kwa siku tofauti, mhusika anahitaji ushauri wa daktari.

USHAHIDI KUTOKA KARIBU NA MBALI

Wako wanaodhani kwamba presha ni maradhi ya kurithi tu au ni jambo lisiloepukika kwa kila anayezeeka. Uchunguzi hauungi mkono dhana hiyo. Mwaka 1988 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 52 vya nchi 32, ukahusisha zaidi ya watu 10,000. Katika vituo vinne ambavyo watu wake walikula chumvi kidogo kabisa, kimoja kikiwa nchini Kenya, shinikizo la damu lilikuwa la chini, na lilipanda kidogo sana au halikupanda kabisa kadiri watu walivyokuwa wakizeeka.

Utafiti mwengine, uliochapishwa mwaka 1990, uliwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kuishi Nairobi. Katika miezi ya mwanzo tu ya kukaa mjini, shinikizo lao la damu lilikuwa limepanda kuliko la wenzao waliobaki kijijini, na mkojo wao ulionesha kuwa wanakula sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Watu hawa walikuwa wa kabila moja na wenzao waliobaki. Kilichobadilika ni maisha yao, na chakula kikiwa miongoni mwa mabadiliko hayo.

Upo pia ushahidi kwamba kupunguza kunasaidia. Nchini China, matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 ya utafiti wa miaka mitano hivi katika vijiji 600, wenye takriban watu 21,000, yalionesha kwamba waliopewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu walipata kiharusi kwa uchache wa asilimia 14 kuliko waliotumia chumvi ya kawaida.

CHUMVI INAYOJIFICHA

Mtu huweza kusema kwa dhati kwamba hapendi chumvi, na huku anaila kwa wingi. Asubuhi hula mkate wa boflo, ambao hutiwa chumvi wakati wa kukandwa unga. Mchana, mtumishi aliyeko kazini hununua chipsi zilizonyunyiziwa chumvi au supu iliyokolezwa kwa vidonge vya mchuzi, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Jioni mchuzi hupikwa kwa papa mkavu au ng'onda, na mpishi hutia chumvi nyengine juu yake. Kando ya sahani huwekwa achari. Watoto nao hurudi kutoka skuli wakila embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Kila kimoja peke yake ni kidogo, lakini kwa jumla siku hupita na kipimo kimevuka mbali.

HESABU YA NYUMBA

Ipo njia rahisi ya kila nyumba kujipima. Gramu 5 kwa mtu mzima mmoja kwa siku ni gramu 150 kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba yenye watu wazima 6 haipaswi kutumia zaidi ya gramu 900 kwa mwezi, na hapo ni kama hawali kabisa mkate wala samaki wa chumvi. Kwa kuwa wanavila, chumvi ya jikoni inapaswa kuwa pungufu zaidi ya hapo. Mama wa nyumba aandike tarehe juu ya pakiti siku anapoifungua, kisha atazame imechukua siku ngapi kumalizika. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

MAMBO YASIYOPASWA KUCHANGANYWA

Kupunguza chumvi si kuacha chumvi yenye madini joto. Madini hayo hukinga rovu na hulinda ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Chumvi ya bahari inayovunwa visiwani, kama ilivyo chumvi ya mawe, haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe, na kwa upande wa sodiamu haina nafuu yoyote kuliko chumvi laini ya dukani. Kanuni sahihi basi ni hii: chumvi iwe kidogo, na hiyo kidogo iwe na madini joto. Ihifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu.

Vile vile, mgonjwa wa kuharisha au kipindupindu asinyimwe dawa ya maji ya chumvi na sukari kwa hofu ya presha. Dawa hiyo huokoa maisha. Wenye maradhi ya figo nao wasitumie chumvi yenye potasiamu bila ya ruhusa ya daktari, kwani inaweza kuwadhuru moyo.

HATUA ZINAZOSHAURIWA

1. Chumvi ipimwe kwa kijiko, isitiwe kwa kukisia kwa mkono, na ipunguzwe hatua kwa hatua. Ulimi huzoea katika muda wa wiki chache, na baada ya hapo chakula cha zamani huonekana kuwa na chumvi kali.

2. Chombo cha chumvi kiondolewe mezani. Anayeonja kwanza mara nyingi hana haja ya kuongeza.

3. Samaki wa chumvi aroweshwe na maji yake yamwagwe kabla ya kupikwa, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyengine.

4. Ladha itafutwe kwa ndimu, ukwaju, thomu, tangawizi, bizari na pilipili manga, vitu ambavyo Visiwa hivi havikosi.

5. Mboga za majani, maharage, ndizi na matunda viliwe kwa wingi, kwani vina potasiamu inayousaidia mwili kuitoa sodiamu.

6. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asitiliwe chumvi katika chakula chake.

7. Katika mwezi wa Ramadhani, futari na daku visikolezwe chumvi, kwani huzidisha kiu ya mchana unaofuata.

8. Kila mtu mzima apime shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka katika kituo cha afya kilicho karibu naye, na aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa anajihisi mzima.

Mtu anapopatwa na kiharusi haugui peke yake. Nyumba hupoteza mchumaji, ofisi hukosa mtumishi, na mwanafamilia mwengine huacha shughuli zake ili auguze. Kinga ya yote hayo huanza jikoni, kwa mkono unaoshika kijiko cha chumvi. Wananchi wanakumbushwa kuanza leo, wakiwa bado wazima.