Majina Yahesabikayo na Yasiyohesabika katika Kiingereza

Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani mwezi wa Novemba, na baada yake wengi wetu tutaandika barua za kuomba kazi. Barua hizo zina maneno yake: "work", "advice", "information", "equipment". Mwingereza hayahesabu maneno hayo, nasi twayahesabu kila siku. Mtu aandikapo "I am looking for a work", humkwaza Mwingereza kama sisi tukwazwavyo na asemaye "mtoto mbili". Aseme "a job", au "work" bila "a".

Kwa maoni yangu, taabu huanza tunapouliza kama kitu chenyewe chaweza kuhesabiwa. Swali hilo halifai. Karani huhesabu fedha mchana kutwa, lakini "money" haihesabiki. Viti na meza za bwaloni twaweza kuzihesabu, walakini "furniture" haina wingi. Tulitazame neno, tusikitazame kitu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Twasema vitabu vichache, lakini maji kidogo: "few books", "little water". Ila "-ingi" yetu hufaa kotekote, watu wengi na maji mengi, ndiyo maana "many" na "much" hutuchanganya zaidi.

Tazama chakula chetu. Mchele ni umoja, na "rice" vilevile. Maharage ni wingi, na "beans" ni wingi. Hapo tumepatana. Lakini mikate miwili ni "two loaves of bread", na sabuni mbili ni "two bars of soap", kama sisi tusemavyo punje ya mchele au tone la maji. Nywele za kichwani ni "hair", umoja. Ukiukuta mmoja katika mchuzi ni "a hair" (mpishi asisikie).

Yako na maneno yenye maana mbili. "Iron" ni chuma, "an iron" ni pasi. Ukiwa na shaka, fungua kamusi ya wanafunzi ya A. S. Hornby, iliyotolewa na Oxford mwaka 1948 na kuchapwa upya mara nyingi tangu hapo. Herufi C ni ya jina lihesabikalo, U ni ya lisilohesabika. "Experience" ina zote mbili: C ni mambo yaliyompata mtu, U ni ujuzi alioupata kazini. Katika barua ya kuomba kazi, wahitaji ile ya U.