UJASIRI WA DANIELI ULIANZIA KWENYE CHAKULA

SOMO LA MWEZI
Masomo: Danieli 1:1-21, Danieli 3:16-18, Matendo ya Mitume 4:1-31



Mwezi huu tunajifunza juu ya ujasiri wa kuishi imani yetu. Wengi wetu tukisikia neno ujasiri tunawaza tanuru la moto na tundu la simba. Tunasema moyoni: hayo ni ya watu wakubwa wa Biblia, sisi ni watu wa kupanga mstari tu. Lakini tuyaangalie maisha yetu hapa Nakivale. Mwaka 2020 mgao wa chakula ulikatwa kwa asilimia 30. Mwaka 2023 tuligawanywa katika makundi matatu, na wa kundi la tatu wakaacha kupokea kitu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wengi waliokuwa wakingoja safari wakabaki. Hakuna aliyetushikia upanga ili tumkane Kristo. Hata hivyo tunajaribiwa kila siku: tuseme uongo kidogo, tumchukie jirani kidogo, tunyamaze kidogo.

1. Je, sisi tuliokimbia ni waoga?

Tuanze hapa, kwa sababu swali hili linawaumiza wengi. Jibu ni hapana. Bwana Yesu mwenyewe alikimbizwa Misri akiwa mtoto (Mathayo 2:13-15). Mtume Paulo alishushwa ukutani ndani ya kapu usiku ili atoke Dameski (Matendo 9:23-25). Hapa Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977 wakati wa utawala wa Idi Amin. Siku zilezile Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alivuka milima kwa miguu akaingia Rwanda kama mkimbizi. Mmoja alibaki akafa, mwingine alikimbia akaishi, na wote wawili walimshuhudia Kristo. Kukimbia kifo si dhambi. Neno ambalo Mungu anatuuliza ni hili: tukiisha kufika, tunaishije?

2. Maana ya neno lenyewe

Katika Matendo 4:13 wakuu wa Yerusalemu waliona ujasiri wa Petro na Yohana, watu wasio na elimu. Neno la Kiyunani lililotumika pale ni parresia. Kule Athene, zamani, lilikuwa neno la raia: mwenyeji wa mji ndiye aliyekuwa na haki ya kusimama mbele ya watu na kusema wazi. Mgeni na mtumwa hawakuwa nayo.

Wapendwa, sisi hatupigi kura hapa, na ardhi tunayolima si yetu. Lakini Waebrania 4:16 inatumia neno lilelile kusema namna tunavyokikaribia kiti cha neema. Mbele za Mungu sisi ni wenyeji. Aliyezoea kusema kweli mbele za Mungu hupata nguvu ya kusema kweli mbele ya meza ya ofisi.

3. Danieli alianzia kwenye sahani

Danieli na wenzake watatu walichukuliwa mateka kwenda Babeli yapata mwaka 605 K.K. Walikuwa vijana. Walipewa majina mapya, wakafundishwa lugha mpya, wakaandaliwa kwa kazi ya mfalme kwa miaka mitatu. Tuangalie vizuri: hayo yote hawakuyakataa. Jambo walilokataa ni moja, yaani chakula cha mfalme, kwa kuwa kingewatia unajisi.

Tena Danieli hakupiga kelele wala kuitupa sahani chini. Kwanza aliazimu moyoni (mstari wa 8). Kisha akamwomba mkuu wake kwa adabu. Mkuu alipoogopa, Danieli alimwendea msimamizi akaomba jaribio la siku kumi za mboga na maji. Kwa hiyo mtu jasiri si mtu wa kugombana na kila mtu. Ni mtu anayejua jambo asiloweza kulitoa, na mengine anayavumilia.

Kutoka sahani ile mpaka tundu la simba (sura ya 6) ilipita miaka zaidi ya 60. Danieli alikuwa mzee wakati huo. Hakuupata ujasiri siku ile alipotupwa kwa simba. Aliufanyia mazoezi tangu ujana, katika jambo la chakula. Na wenzake watatu mbele ya tanuru walikiri kwamba Mungu aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataiabudu sanamu (3:16-18). Hawakumwekea Mungu masharti.

4. Vijana wa Buta

Kanisani mwetu wamo Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda. Ni vema tukumbuke seminari ndogo ya Buta, kule Bururi, kusini mwa Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliwavamia wanafunzi wakawaamuru watengane, Wahutu huku na Watutsi huku. Vijana wale walikataa kutengana. Arobaini waliuawa.

Hao walikuwa Wakatoliki, si wa dhehebu letu, lakini wanatufundisha. Tangu vita vilipoanza mwaka 1993, viongozi wao waliwasaidia kuzungumza juu ya ukabila bila kuficha, na kusali na kuishi pamoja kama ndugu. Siku ya bunduki ilipofika, jibu lilikuwa limekwisha kuandaliwa. Basi tujiulize: sisi tunaochagua benchi la kukaa kwa kabila, siku hiyo ikitufikia tutajibu nini?

5. Kosa letu wenyewe

Hatuwezi kuwafundisha haya tukaficha la kwetu. Miaka kadhaa iliyopita ndugu mmoja alitujia usiku. Aliomba barua ya kanisa iseme kwamba kijana fulani, mtoto wa rafiki yake, ni mtoto wake wa kuzaa, ili aingizwe katika kesi yake. Hakutuletea pesa, alituletea machozi. Tulimhurumia, tukaandika, tukapiga muhuri.

Baadaye mama mmoja mjane alipeleka barua yetu juu ya wajukuu wake yatima. Barua hiyo ilikuwa ya kweli kabisa. Aliambiwa kwamba barua za makanisa haziaminiki. Alirudi, akaketi kwenye benchi letu, akauliza: "Pasta, kwani barua yangu ni ya uongo?" Usiku ule hatukulala.

Kwanza tulimwendea yule ndugu, tukamwambia kwamba tutasema kweli. Alikasirika sana. Kisha tuliungama mbele ya wazee wa kanisa na mbele ya yule mama. Mwisho tulikwenda ofisini, magoti yakitetemeka, tukaeleza tulichofanya. Wazee walituondolea muhuri kwa muda, na ilistahili. Tangu hapo kila barua husainiwa na watu watatu. Yule ndugu hajarudi kanisani, na tunaendelea kumwendea na kumwombea. Mama alisikilizwa upya, ingawa anangoja bado. Hatusemi kwamba kweli ilileta faida upesi. Tunasema kwamba uongo wetu mdogo, wa huruma, ulimpiga mjane.

6. Tufanye nini sasa?

a) Tuazimu mapema. Mume na mke wakubaliane nyumbani, kabla ya siku ya mahojiano, kwamba watasema yaliyo kweli, na yasiyojulikana watasema hawayajui.
b) Tusiwatume watoto kusema uongo kwa ajili yetu. Mtoto aliyefundishwa jina la uongo atajifunza pia kumdanganya mzazi wake.
c) Siku ya mgao tumtetee jirani anayesukumwa, hasa asiye wa kabila letu.
d) Aliyeanguka asikae peke yake na siri. Aje tuombe, kisha tutengeneze pamoja.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Danieli alikubali jina jipya lakini akakataa chakula. Sisi hapa tunaweza kukubali nini, na tukatae nini?
2. Ni uongo gani ambao tumeuzoea mpaka hatuuoni tena kuwa dhambi?
3. Kuna jirani gani tusiyemsalimu kwa sababu ya kule alikotoka?

Tuombe

Ee Baba, wewe unayajua majina yetu ya kweli. Tupe moyo wa kusema kweli tukiwa na njaa, na kumpenda jirani tukiwa na hofu. Utuokoe, na hata tukingoja sana, utushike tusikuache. Katika jina la Yesu, Amina.

Mungu awabariki ninyi nyote na jamaa zenu.