Amri ya Kumleta Mfungwa

Wasomaji wetu wengi wamepata kuketi barazani, nao wajua kwamba hukumu ikiisha kutolewa si rahisi kuitengua. Leo twapenda kueleza maombi ambayo mfungwa wa Marekani aweza kuyapeleka hata baada ya kuhukumiwa.

Kwa Kilatini huitwa habeas corpus, yaani, uwe na mwili. Hakimu humwandikia mlinzi wa gereza, akimwambia: Mlete mtu huyu mbele yangu, ueleze wamshika kwa haki gani. Angalieni basi: anayeulizwa ni mwenye funguo, siye aliye kifungoni. Wala haliulizwi kwanza kama mtu ametenda kosa. Laulizwa kama alihukumiwa kwa njia ya haki.

Tena yafaa kujua kuwa huko kila jimbo lina mahakama zake, na mbali na hizo ziko mahakama za Serikali Kuu. Kwa sheria ya mwaka 1867, mahakimu wa Serikali Kuu walipewa uwezo wa kusikia maombi ya watu waliofungwa na majimbo.

Mfano ni huu. Mwaka 1919, katika jimbo la Arkansas, wakulima weusi wa pamba walikutana kanisani karibu na mji wa Elaine, wapate kushauriana jinsi ya kudai malipo ya haki. Usiku ule bunduki zikalia, mzungu mmoja akafa, na siku zilizofuata watu weusi wengi wakauawa. Kisha wanaume weusi 12 wakahukumiwa kufa.

Mwaka 1921 sita kati yao, Frank Moore na wenziwe, wakapeleka maombi kwa hakimu wa Serikali Kuu. Walieleza kwamba mashahidi weusi walipigwa mijeledi waseme walivyotakiwa. Kwamba watu wenye ghadhabu waliizunguka mahakama. Kwamba wakili waliyepewa hakuita hata shahidi mmoja. Kwamba kesi haikutimiza saa moja, na wazee wa baraza, wazungu watupu, walikata shauri kabla ya dakika 5 kupita. Hakimu akayakataa maombi pasipo kuyachunguza.

Wakili wao Scipio Jones, ambaye mamaye alikuwa mtumwa, hakukata tamaa. Yeye na mawakili wenzake wakalipeleka neno hilo mpaka Mahakama Kuu kabisa ya nchi. Tarehe 19 Februari 1923 Jaji Holmes akatoa shauri la mahakama: kama mambo hayo ni kweli, kesi ile ilikuwa kinyago tu, na hakimu hana budi kuyachunguza mwenyewe. Hakusema kwamba watu wale hawana hatia. Alisema lazima wasikilizwe.

Hawakuuawa. Mwezi wa Novemba 1923 adhabu yao ilipunguzwa ikawa kifungo cha miaka 12, na Januari 1925 wakafunguliwa.

Mlango huo siku hizi ni mwembamba zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1996, kwa kawaida mfungwa wa jimbo ana mwaka 1 tu tangu hukumu yake kukamilika, na kwanza apaswa kumaliza njia zote za mahakama za jimbo lake.

Basi, enyi mnaoamua mashauri ya watu, somo ni hili: baraza laweza kuwa na kiti, kalamu na muhuri, lakini lisiposikiliza halijahukumu. Na mwenye kushika funguo asikasirike akiulizwa sababu.