Dodoso la Afya ya Akili na Lugha ya Mtoto

Mwalimu mwanafunzi hufundishwa kwamba jaribio la hesabu lililoandikwa kwa lugha ngumu humpima mtoto lugha badala ya hesabu. Kanuni hiyo yahusu pia madodoso ya kutambua vijana walio katika hatari ya kupatwa na saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ashindwe kutenganisha mambo yaliyopo na yasiyokuwepo. Mara nyingi ugonjwa huu huanza katika ujana, na dalili hafifu huweza kuutangulia.

1. Asili ya madodoso
Mwaka 2005 Rachel Loewy na wenzake, huko Marekani, walitoa dodoso la maswali 92. Mwaka 2012 wataalamu wa Uholanzi walitoa toleo fupi la maswali 16. Madodoso ya aina hii yamehamishiwa katika lugha nyingi, Kiarabu kikiwemo. Nchini Kenya, David Ndetei, Daniel Mamah na wenzao wamelichunguza dodoso jingine miongoni mwa vijana. Popote lipelekwapo, dodoso sharti lithibitishwe upya.

2. Ugumu wa maneno
Tuchukue swali hili: "Je, husikia sauti?" Mtoto wa Mwanza husikia njaa, husikia baridi, na husikia harufu ya dagaa. Sauti nayo yaweza kuwa ya mtu, ya ngoma, au ya injini ya mtumbwi ziwani usiku. Vilevile "kuona" ni kutazama, na pia ni kudhani. Mtoto anayefikiri kwa Kisukuma au Kikerewe hulitafsiri swali mara ya pili kichwani mwake.

Swali jingine ni hili: "Je, waona kuwa watu wanataka kukudhuru?" Katika Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, hasa kuanzia mwaka 2007 hivi. Mwanafunzi mwenye ualbino akijibu "ndiyo", huenda anaeleza hatari ya kweli. Huyo ahitaji ulinzi kwanza.

3. Hatua za kuthibitisha
(a) Watu wawili wanaozijua lugha zote mbili watafsiri dodoso, kila mmoja peke yake.
(b) Mwingine asiyeliona la asili alirudishe katika lugha ya kwanza, ndipo tofauti zijadiliwe.
(c) Vijana wachache waulizwe wameelewa nini katika kila swali.
(d) Majibu yalinganishwe na mahojiano ya daktari wa magonjwa ya akili asiyejua matokeo ya dodoso.

4. Maana ya alama
Huu ni mfano wa hesabu tu. Kati ya wanafunzi 500, tuseme 10 wamo hatarini. Dodoso lawatambua 8 kati yao, lakini lakosea kwa mmoja katika kila 10 wa wale 490 waliobaki, yaani 49. Walioonyeshwa wote ni 57, na wanaohusika kweli ni 8 tu. Mwalimu akiwaita wote 57 "wagonjwa", watoto 49 watabebeshwa jina lisilo lao, na jina la namna hiyo halifutiki upesi kijijini.

5. Wajibu wa mwalimu
Kupima ugonjwa si kazi ya mwalimu. Kazi yake ni kuangalia na kuandika: mtoto amebadilika tangu lini? Amejitenga na wenzake? Halali usingizi? Kazi yake ya darasani imeshuka ghafla? Aandike maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, amweleze mwalimu mkuu kwa siri, kisha wazungumze na wazazi kwa heshima, hata kama wamekwisha kwenda kwa mganga. Kutoka kituo cha afya mtoto aweza kupelekwa Hospitali ya Bugando, yenye idara ya magonjwa ya akili.

Zoezi
1. Tunga upya swali la "kusikia sauti" ili lieleweke kwa mwanafunzi wa darasa la saba.
2. Eleza kwa nini hatua (d) haiwezi kuachwa hata tafsiri ikiwa nzuri.