Hesabu ya Magurudumu: Namna ya Kuchagua Rimu Kubwa kwa Motokaa ya Mbio

Vijana wengi wapendao motokaa ziendazo kasi hutamani kuzibadilisha magurudumu. Huondoa rimu za kiwandani, wakafunga nyingine kubwa zaidi zenye kung'aa, pamoja na tairi pana zenye ubavu mfupi. Tamaa hiyo yenyewe si mbaya. Ubaya ni kwamba wengi huchagua kwa macho tu, na wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Yafaa tukumbuke kwamba katika motokaa nzima ni tairi nne tu zinazogusa barabara, na sehemu ya kila tairi inayogusa chini hukaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Nguvu za injini, za breki na za usukani zote hupita hapo. Kwa hiyo akoseaye katika kuchagua magurudumu huhatarisha roho za watu wote waliomo garini. Katika somo hili nitaonyesha kwamba mwanafunzi mwenye penseli na karatasi aweza kuchagua vema kuliko tajiri asiyepima.

Kusoma maandishi ya tairi

Nitatumia mfano wa Subaru Impreza WRX, motokaa inayopendwa sana na vijana wa Afrika Mashariki. Ile iliyouzwa Marekani mwaka 2002 ilitoka kiwandani na tairi zilizoandikwa 205/55 R16. Kipimo hiki hutumika katika motokaa nyingi nyingine pia.

Namba ya kwanza, 205, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 55, yaonyesha kimo cha ubavu wa tairi, yaani kutoka ukingo wa rimu hadi mahali tairi inapokanyaga. Kimo hicho ni asilimia 55 ya upana. Herufi R ni alama ya namna nyuzi za ndani ya tairi zilivyopangwa. Namba ya mwisho, 16, ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Sasa tupige hesabu. Asilimia 55 ya 205 ni milimita 112.75. Ubavu uko juu ya rimu na chini yake pia, kwa hiyo tunazidisha mara mbili: 225.5. Inchi moja ni milimita 25.4, basi rimu ya inchi 16 ni milimita 406.4. Tukijumlisha, kipenyo cha gurudumu zima ni milimita 631.9.

Kanuni ya kwanza: rimu ikikua, ubavu upungue

Tuseme twataka rimu ya inchi 17, yaani milimita 431.8. Tukichukua tairi ya 225/45 R17, ubavu wake ni milimita 101.25, na mara mbili yake ni 202.5. Jumla ni milimita 634.3. Gurudumu limezidi lile la kwanza kwa milimita 2.4 tu, wala haifiki nusu ya asilimia moja. Hili lafaa.

Lakini tuseme muuzaji hana tairi hiyo, naye anasema, "Chukua hii ya 225/55 R17, zote ni za inchi kumi na saba." Tupige hesabu tena: ubavu ni 123.75, mara mbili ni 247.5, na jumla ni milimita 679.3. Gurudumu limekua kwa asilimia 7.5. Madhara yake ni nini? Spidomita huhesabu mizunguko ya gurudumu, haioni barabara. Gurudumu kubwa hupita njia ndefu zaidi katika kila mzunguko. Kwa hiyo sindano ikisimama kwenye 80, motokaa kwa kweli inakwenda kilomita 86 kwa saa. Dereva hudhani amefuata sheria, kumbe ameivunja. Tena gurudumu hilo laweza kusugua madigadi au shokapu, na injini huona uzito zaidi wakati wa kuondoka.

Kwa hiyo mimi hushika kanuni hii: tofauti ya kipenyo isizidi asilimia 3, na ikiwa ndogo zaidi ni bora.

Kanuni ya pili: matundu, kitovu na nafasi

Rimu nzuri isiyoingia ni hasara tupu. WRX ya mwaka 2002 ina boliti tano zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimita 100. Lakini ndugu yake, WRX STI ya mwaka 2005, ina duara la milimita 114.3. Jina ni la ukoo mmoja, hata hivyo rimu ya huyu haimwingii yule. Usinunue kwa kutazama jina la motokaa, pima.

Kadhalika tundu la katikati ya rimu lazima lishike barabara kwenye kitovu cha ekseli. Likiwa pana mno, rimu yaweza kufungwa nje kidogo ya katikati, na usukani utatetemeka. Dawa yake ni pete maalumu ya kujaza nafasi hiyo.

Tazama pia upana wa rimu. Rimu ya inchi 7.5 imeizidi ya inchi 6.5 kwa inchi moja, yaani milimita 25.4. Mahali inapofungwa kwenye kitovu pasipobadilika kulingana na katikati ya rimu, milimita 12.7 zitaingia ndani kuelekea shokapu, na 12.7 zitatoka nje kuelekea madigadi. Kabla ya kulipa, chungulia ukaone kama nafasi hiyo ipo. Baada ya kufunga, pakia watu motokaani, uzungushe usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, usikilize kama tairi inasugua mahali.

Kanuni ya tatu: uzito na mwendo

Baada ya kipimo cha tairi huandikwa namba na herufi, kwa mfano 91V. Namba 91 maana yake tairi moja yaweza kubeba kilo 615 ikiwa na upepo wa kutosha. Herufi V maana yake imetengenezwa kuhimili mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa. H ni 210, na T ni 190. Tairi mpya isiwe na namba ya uzito iliyo chini ya ile iliyoagizwa na watengenezaji wa motokaa. Tairi zenye ubavu mfupi hubeba hewa kidogo, na kwa sababu hiyo jambo hili husahauliwa kwa hatari kubwa.

Tena WRX huendeshwa na magurudumu yote manne. Tairi zake zote nne lazima zilingane, hata katika kulika. Zikitofautiana, difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika hata katika njia iliyonyooka, ikapata joto na kuharibika. Kununua tairi mbili kubwa na kuacha mbili za zamani si kubana matumizi.

Je, kubwa zaidi ndiyo bora?

Ubavu mfupi haupindi sana katika kona, kwa hiyo motokaa hutii usukani upesi. Hiyo ndiyo faida. Lakini ubavu ndio mto unaoilinda rimu. Katika shimo, ubavu mfupi hubanwa mpaka rimu ikagonga ukingo wa shimo, ikapinda au kupasuka. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito zaidi pia, na gurudumu zito ni gumu kulianzisha na gumu kulisimamisha.

Ushahidi mzuri twaupata kwa madereva wa mashindano ya ubingwa wa dunia. Katika barabara za lami motokaa zao hufungwa rimu za inchi 18. Lakini katika njia za changarawe na mawe, kama zile za Safari Rally ya Kenya, iliyorudi katika ubingwa huo mwaka 2021, hutumia rimu za inchi 15 zenye tairi za ubavu mrefu. Watu wale hushindania sekunde, na fedha za kununua rimu kubwa wanazo. Hata hivyo barabara ndiyo inayowachagulia.

Basi, mimi ningemshauri mwenye WRX kama ile akomee inchi 17 kama anapita lami nzuri. Anayekwenda kijijini kila mwisho wa juma kwa njia ya makorongo, heri abaki na 16 zake, na fedha alizokusudia anunulie tairi mpya zilizo bora.

Zoezi

Motokaa ina tairi za 195/60 R15. Mwenyewe anataka 205/50 R16. Tafuta kipenyo cha kila gurudumu, kisha useme kama badiliko hilo lafaa.

Jibu: La kwanza ni milimita 615, la pili ni 611.4. Tofauti haifiki asilimia moja, kwa hiyo kipimo chafaa. Yabaki kutazama boliti, nafasi na uzito.