Chakula cha Heshima

Wengi wetu hudhani kwamba chakula cha heshima ni chakula cha bei kubwa. Yafaa tuchunguze jambo hili.

Huko Japani iko karamu iitwayo kaiseki. Katika hoteli kubwa za Kyoto huuzwa ghali mno, na vyakula huletwa kidogo kidogo, kimoja baada ya kingine. Lakini asili yake ni chakula chepesi cha kumpa mgeni kabla ya chai: wali, supu na vitoweo vichache. Sen no Rikyu, mwalimu mashuhuri wa chai aliyefariki mwaka 1591, hakutaka fahari. Mambo makuu ni mawili: kupika kilicho katika msimu wake, na kuandaa kwa utaratibu.

Basi tutazame kwetu, Busia na Tororo. Wateso, ambao mpaka uliohamishwa mwaka 1902 uliwagawa, wanao ugali wa wimbi uitwao atap. Mgeni hunawishwa mikono kwanza, kisha huletewa ugali wa moto pamoja na majani ya kunde yaliyoungwa kwa ufuta au karanga. Je, msimu haupo hapo? Utaratibu haupo?

Hata hivyo nimeona jamaa wakikopa mchele dukani kwa sababu mwana wao amerudi likizo na rafiki, na wimbi limejaa ghalani. Deni hilo hulipwa kwa fedha ya karo.

Ndugu mwanafunzi, ukileta mgeni nyumbani, mwombe mama apike atap. Nawe mshikie mgeni maji ya kunawa.