Mkazo katika Maneno Ambatani ya Kiingereza: Mwongozo kwa Wahudumu wa Wageni

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa mapokezi, wapokea simu na waongoza watalii. Herufi kubwa zinaonyesha panapokazwa.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huyahamishia mazoea hayo kwenye Kiingereza bila kujua. Huko mkazo hubeba maana. “GREENhouse” ni banda la kukuzia maua, kama yale ya Naivasha. “Green HOUSE” ni nyumba yoyote yenye rangi ya kijani. Kwa hiyo, majina mawili yanapoungana kutaja kitu kimoja, kwa kawaida kaza la kwanza: AIRport, BEDroom, LIFE jacket. La pili lisimezwe. Lipunguziwe nguvu tu.

Mapokezi wazingatie zaidi jozi za jina na kitenzi. “CHECK-in” ni shughuli yenyewe ya kumpokea mgeni, lakini ukimwambia afanye jambo hilo utasema “check IN”. Ndivyo ilivyo pia kwa “CHECKout” na “check OUT”. Gari likiharibika porini, tukio ni “BREAKdown”, ila gari lenyewe “breaks DOWN”.

Kanuni ya kukaza jina la kwanza ina wakaidi wake. Kitu kinapotajwa pamoja na mali ghafi yake, mkazo huelekea neno la mwisho: cotton SHIRT, apple PIE. Hata hivyo keki ya tufaha ni “APple cake”, na anayetafuta mantiki hapo atachoka bure. Majina ya barabara nayo hukazwa mwishoni, kama Oxford ROAD, isipokuwa yenye “Street”: OXford Street.

Kuhusu silabi, tatizo letu kubwa ni kuongeza irabu. “Toothbrush” ina silabi mbili. Ukiipachika irabu kila konsonanti inapofungika, zitafika nne au tano na mkazo utapotea kabisa. Gawa neno kwenye kiungo chake: tooth-brush, bath-room, news-paper. Kiungo hicho hicho ndicho mahali salama pa kulikata neno mwishoni mwa mstari unapoandika. Katika “night rate”, yaani bei ya usiku, funga t kabla ya kuanza r. Ukiziunganisha, mgeni atasikia “nitrate”, ambayo ni chumvi ya mbolea.

Ukiwa na shaka, fungua kamusi: kialama kidogo cha wima kilicho juu huwekwa kabla ya silabi inayokazwa. Kitafuteni hicho kabla ya kuyafundisha maneno haya kwa wafanyakazi wapya.